Kiti Kisicho na Mwenyekiti

Ndugu msomaji, leo yafaa tuanzie jikoni. Jiko la mkaa ambalo huenda wakati huu juu yake imetelekwa chai ya Jumapili lilikuwa pipa la mafuta kabla ya fundi kulikata na kulikunja. Kibatari kilichowaangazia wazazi wetu walipokuwa wakisoma kilikuwa kopo la maziwa. Katambuga zilizowafikisha babu zetu shambani, zisichakae hata baada ya miaka mitano, zilikuwa gurudumu la lori. Na ukipita Gerezani, hapa Dar es Salaam, utasikia nyundo za mafundi zikilia tangu asubuhi hadi jioni. Kinachoingia kwao kikiwa chuma chakavu hutoka kikiwa karai, bawaba au kitanda cha bwana harusi. Kwa hiyo mtu akitujia na habari kwamba wako wasanii wa siku hizi walioacha mbao na mawe, wakawa wanaunda sanamu kwa vitu vilivyokwisha kazi yake ya kwanza, hatuna sababu ya kupiga yowe la mshangao. Sisi tumelelewa humo.

Hata hivyo iko tofauti, na tofauti hiyo ndiyo mazungumzo yetu ya leo. Jiko lililotokana na pipa halikutaki ulikumbuke pipa. Ukishatia mkaa na kuinjika sufuria, habari ya pipa imekwisha. Sanamu ninayokusudia kukusimulia yataka kinyume chake. Yataka usimame mbele yake ukitambue kila kipande, ujue kilikuwa nini na kilifanya nini. Sanamu yenyewe ni kiti, na kiti chenyewe kimeundwa kwa bunduki.

Najua kwamba tuitajapo sanamu katika nchi yetu fikra hukimbilia mpingo. Nani kati yetu hajapita Mwenge akasikia tezo zikigonga, au hajaiona ile sanamu iitwayo ujamaa, gogo moja lililochongwa umati wa watu waliobebana, mzee akiwa juu ya mtu mzima, mtoto akiwa mgongoni mwa mama, hata huoni mmoja anaishia wapi na mwingine anaanzia wapi? Wengi wa waasisi wa uchongaji huo walivuka Mto Ruvuma kutoka uwanda wa Mueda, huko Msumbiji, wakaja kutafuta kazi katika mashamba ya mkonge. Na baada ya askari wa Kireno kuwamiminia risasi wananchi waliokusanyika Mueda tarehe 16 Juni, 1960, wengine wengi wakawafuata. Kwa hiyo sanamu tuzionazo kuwa zetu kabisa zina nusu ya damu yake ng'ambo ya mto. Nataka ulikumbuke hilo, maana tutavuka tena.

Afrika ya leo ina wachongaji wasioigusa tezo kabisa. Yupo El Anatsui, aliyezaliwa Ghana mwaka 1944 na kufundisha kwa miaka mingi katika Chuo Kikuu cha Nigeria, mjini Nsukka. Yeye huchukua vifuniko vya chupa za pombe, maelfu kwa maelfu, akaviponda na kuviunga kwa waya wa shaba mpaka vikawa kama shuka la kifalme liwezalo kufunika ukuta mzima. Mwaka 2015 maonyesho makubwa ya Venice, nchini Italia, yalimtunuku Simba wa Dhahabu kwa kazi ya maisha yake. Karibu zaidi nasi, jijini Nairobi, iko karakana inayochonga tembo, twiga na kasa kwa ndara zilizookotwa katika fukwe za Bahari ya Hindi. Hao wote wameokota kilichotupwa. Wasanii wa Maputo, ambao kiti hiki ni chao, walichukua kitu kilichokuwa kimefichwa, na kumfanya mtu atoe alichokificha ni kazi nyingine.

Ndugu msomaji, ili ukielewe kiti hicho sharti uijue njia iliyopitwa na vyuma vyake, na njia hiyo ilianzia mlangoni kwetu. FRELIMO iliundwa hapa Dar es Salaam tarehe 25 Juni, 1962, chini ya uongozi wa Eduardo Mondlane. Wapiganaji wake walifunzwa Kongwa na Nachingwea. Tarehe 25 Septemba, 1964, vita vya ukombozi vikaanza. Mondlane mwenyewe hakuuona mwisho wake. Aliuawa kwa bomu lililofichwa ndani ya kifurushi, papa hapa jijini, tarehe 3 Februari, 1969. Silaha za wapigania uhuru hao zilipita katika bandari yetu na katika barabara zetu za kusini, nasi hatuna sababu ya kulionea haya jambo hilo. Mreno alikuwa amekataa kila neno lililosemwa kwa mdomo. Tarehe 25 Juni, 1975, Samora Machel alitangaza uhuru wa Msumbiji, na wengi waliokuwa hai siku ile wangali wakiisimulia kwa machozi ya furaha.

Lakini bunduki haina kadi ya chama. Haiulizi mkono ulioishika ni wa mpigania uhuru au wa haramia. Mnamo mwaka 1977 vikaanza vita vingine, safari hii ndugu kwa ndugu. RENAMO ililelewa kwanza na utawala wa Ian Smith wa Rhodesia, kisha ikarithiwa na makaburu wa Afrika Kusini. Reli ziling'olewa, zahanati na shule zikachomwa, watoto wakatekwa na kufundishwa kuua. Samora alifariki tarehe 19 Oktoba, 1986, ndege yake ilipoanguka Mbuzini, ndani ya ardhi ya Afrika Kusini. Vijana wetu wa Jeshi la Wananchi nao walivuka mpaka mwishoni mwa miaka hiyo ya 1980 kuwasaidia majirani. Vita vilipokoma kwa mkataba uliotiwa saini Roma tarehe 4 Oktoba, 1992, kati ya Joaquim Chissano na Afonso Dhlakama, watu wapatao milioni moja walikuwa wamekufa, wengi kwa njaa na maradhi yanayofuata nyayo za vita, na mamilioni walikuwa wamehama makwao.

Amani ikatangazwa. Kalamu zikakauka. Na bunduki je? Majeshi ya Umoja wa Mataifa yalikusanya nyingi, lakini nyingi zaidi zilibaki chini ya vitanda, juani katika mapaa ya makuti, na mashimoni zikiwa zimefungwa kwa nailoni na kupakwa grisi. Mfikirie basi askari aliyeachishwa jeshi akarudi kijijini kwake. Alichukuliwa akiwa mtoto, amerudi mtu mzima. Hana shamba, maana shamba limejaa mabomu ya kutegwa ardhini. Hana ng'ombe, hana ufundi, hana cheti. Mali yake ya pekee duniani ni bunduki. Bunduki hiyo yauzika, yakodishika, na usiku wa njaa yaweza kumpeleka barabarani. Umwambie nini mtu huyo ili akuletee?

Mwaka 1995 Baraza la Kikristo la Msumbiji lilijaribu kujibu swali hilo. Aliyekuwa mstari wa mbele ni Askofu Dinis Sengulane wa Kanisa la Anglikana. Mpango wao ulipewa jina la Kireno ambalo kwa lugha yetu maana yake ni kugeuza silaha kuwa majembe, nao ulitokana na maneno ya Nabii Isaya, ambayo wasomaji wengi wanayajua. Mpango wenyewe ulikuwa mwepesi kueleza: lete silaha, hutashtakiwa, nawe utapewa chombo cha kazi. Mmoja alipewa majembe, mwingine baiskeli, mwingine cherehani, mwingine mabati na saruji. Kijiji kimoja kilichokusanya silaha kwa wingi kilipewa trekta. Baiskeli nyingine zilitoka mbali sana: katika mji wa Matsuyama, huko Japani, zilikuwako baiskeli zilizotelekezwa na wenyewe mitaani, wakaazi wa huko wakazisafirisha hadi Msumbiji zikabadilishwe na bunduki.

Silaha zilizopokewa zililipuliwa au kukatwakatwa zisipate kutumika tena. Hapo ndipo mpango huo ulipoongeza jambo ambalo watu wa siasa pekee yao pengine wasingelifikiri. Baadhi ya vipande vilipelekwa Núcleo de Arte, chama cha wasanii wa Maputo, wakaambiwa: fanyeni mtakachoweza. Vijana hao walikuwa wameishi utoto wao wote ndani ya vita. Wakawasha mitambo ya kuchomelea. Mtutu ukawa mguu wa ndege, magazini ikawa bawa, kitako cha bunduki kikawa kichwa cha mtu apigaye gitaa.

Mmoja wao ni Cristóvão Canhavato, ajulikanaye zaidi kwa jina la Kester. Mwaka 2001 aliunda kiti ambacho sasa kinajulikana duniani kuwa Kiti cha Enzi cha Silaha. Si kikubwa, kimo chake ni kama mita 1, na ukikitazama kwa mbali waweza kudhani ni kiti cha chuma cha barazani. Ukikaribia ndipo moyo hushtuka. Mgongoni zimesimama bunduki za Kireno aina ya G3, nazo ndizo kongwe kupita zote, silaha za mkoloni. Sehemu nyingine zimetokana na bunduki za aina ya AK zilizotengenezwa Urusi ya Kisovieti, Poland, Chekoslovakia na Korea ya Kaskazini. Hesabu unavyotaka, hutakuta kipande hata kimoja kilichotengenezwa Afrika. Wafu walikuwa wetu, viwanda vilikuwa vyao. Wahenga walisema wapiganapo tembo nyasi huumia, na katika kiti hiki waweza kuigusa kwa kidole mikonga ya tembo wenyewe.

Kester amesimulia hadharani kwamba jamaa zake wawili walipoteza miguu kwa sababu ya vita. Hata hivyo hakukifanya kiti chake kiwe cha kutisha tu. Katika vitako viwili vya juu ya mgongo yako matundu ya misumari na alama ya mahali palipofungwa ukanda, na vikitazamwa pamoja huonekana kama nyuso mbili zinazotabasamu. Yeye asema hakuzichonga nyuso hizo, alizikuta. Kazi yake ilikuwa kuzichagua na kuziweka zikabiliane, kana kwamba zaambiana kuwa sasa tumekuwa huru. Waama, hapo ndipo fundi anapojulikana. Angaliweza kuipaka bunduki rangi ya maua mpaka isitambulike. Yeye ameiacha na kutu yake na mikwaruzo yake, akatafuta ndani ya umbo lake lile lile mahali palipobaki utu.

Sasa na tutafakari kwa nini akaunda kiti. Wakazi wa pwani yetu wanakijua kiti cha enzi, kile cha mpingo kilichotiwa pembe na kusukwa kwa kamba nyembamba, ambacho katika majumba ya Lamu na Unguja kilimngoja mgeni wa heshima. Barani nako wazee wa koo walikuwa na vigoda vyao ambavyo mtoto hakuthubutu kuvikalia. Na lugha yetu yenyewe, tukitaka kumtaja anayetuongoza, kuanzia kamati ya shina hadi Taifa zima, humwita mwenyekiti, yaani mwenye kiti. Kiti ni mamlaka. Watu hupigana na kuuana ili wakikalie. Kester amekiunda kiti kwa zana zile zile zilizotumika kukigombania, kisha akakiacha kitupu. Nani atakubali kuwa mwenyekiti wa kiti hiki? Kila anayekitazama hujiona akikaa, na papo hapo huona kwamba mitutu ingemwingia ubavuni. Maelezo hayahitajiki, mwili wenyewe hufahamu.

Hapa sina budi kukupeleka nyumbani kwetu. Jirani yetu mmoja ni mzee mstaafu wa jeshi ambaye alikuwamo miongoni mwa waliotumwa Msumbiji katika miaka ile ya 1980. Ni mtu wa maneno machache. Watoto wa mtaani humwamkia shikamoo, akawaitikia marahaba, na mazungumzo yakaishia hapo. Jumamosi moja nilimpelekea picha ya kiti hiki. Akavaa miwani, akaitazama muda mrefu, akaanza kuvigusa vipande kwa ncha ya kidole, kimoja kimoja, kama mtu anayesoma majina. "Huu ni mtutu. Hii ni magazini yake. Hii hapa ni ya Mreno." Nilidhani ataniuliza aliyekiunda ni nani, au kimegharimu kiasi gani. Hakuniuliza hayo. Alivua miwani akasema, "Mwanangu, aliyezisalimisha alipewa nini?"

Nikamweleza habari za majembe, baiskeli na cherehani. Akatikisa kichwa taratibu. "Cherehani ni nzuri," akasema. "Bunduki inataka risasi kila siku. Cherehani inataka uzi." Kisha akanirudishia picha, akaita apelekewe maji ya kunywa, na siku hiyo hatukuzungumza tena vita.

Ndugu msomaji, tangu siku hiyo nimekiona kiti kile kwa macho mengine. Nilikuwa nikikitazama kama kazi ya mikono ya msanii mmoja, nayo ni kazi ya kusifiwa. Mzee yule alinifunza kukisoma kama stakabadhi. Dukani, ukilipa fedha, hupewa karatasi ya kuthibitisha kwamba biashara imefanyika. Kiti hiki chathibitisha biashara ya namna hiyo: nyuma ya kila kipande yuko mtu ambaye siku moja alitembea, pengine usiku, akiwa na gunia begani, akiwa hana hakika kama atakamatwa; akaitoa nguvu yake ya pekee, akarudi nyumbani na jembe. Hatulijui jina lake. Hakuna jumba la makumbusho lililoliandika. Lakini bila yeye kutangulia kuamini, Kester asingepata hata msumari wa kuchomelea.

Na mfikirie mtu huyo alipofika mlangoni. Mkewe alikuwa akilala miaka yote juu ya kitu ambacho angeweza kuuawa nacho, au watoto wangeweza kukichezea. Leo pale penye shimo pamewekwa cherehani. Mwezi ujao zitashonwa sare za shule za watoto wa jirani. Sisi wakaazi wa mjini tunaijua thamani ya cherehani moja barazani. Ziko familia ambazo cherehani moja imesomesha watoto wote mpaka wa mwisho. Ndiyo maana nasema kwamba sanaa hii haikuanzia katika karakana. Ilianzia katika hesabu za nyumba: mtu amepima kilichoko mkononi mwake na anachopewa badala yake, akaona afadhali.

Miaka mitatu baada ya kiti hicho, yaani mwaka 2004, Kester na wenzake watatu, Hilario Nhatugueja, Fiel dos Santos na Adelino Serafim Maté, waliunda Mti wa Uhai kwa silaha za mpango huo huo. Mti una kimo cha mita 3 na nusu na uzito unaozidi nusu ya tani. Shina, matawi na majani yake yote ni bunduki, na chini yake wamo wanyama na ndege wa chuma waliokuja kutafuta kivuli. Nilipouona katika picha nilikumbuka ile sanamu ya ujamaa ya ndugu zetu Wamakonde, ambayo wauzaji wa mjini huiita pia mti wa uhai. Wasanii wa Maputo wametoka kusini kabisa na ufundi wao ni mwingine, lakini wazo halikuvuka mbali: mti husimama kwa sababu walio chini wamekubali kuwabeba walio juu.

Kiti kilinunuliwa na Jumba la Makumbusho la Uingereza mwaka 2002, na Mti nao ukapelekwa huko huko London mwaka 2005. Kiti kilitembezwa nchini Uingereza, kikapelekwa mashuleni, makanisani, na hata katika gereza la Pentonville, wafungwa wakakitazama. Yumkini hapo utauliza, kama nilivyojiuliza mimi: je, hata kumbukumbu ya mauti yetu sharti ikahifadhiwe kwao, ili mtoto wa Msumbiji anayetaka kuiona apande ndege? Swali hilo ni la haki, nami silifuti. Nitaongeza hili tu: bunduki zile zilikuja Afrika kutoka ng'ambo zikiwa mpya, zimepakwa mafuta, na aliyeziuza hakutaka kujua zitaishia wapi. Sasa baadhi yake zimerudi ng'ambo. Mwenye kiwanda apelekapo wanawe kwenye jumba la makumbusho, atazikuta zinamngoja katika umbo la kiti.

Nisingekuwa mkweli kwako kama ningeishia hapo, kana kwamba kiti kimoja kilimaliza vita vyote. Mwaka 2013 bunduki zililia tena kati ya serikali ya Msumbiji na RENAMO, na haikupatikana suluhu ya kudumu ila kwa mkataba wa tarehe 6 Agosti, 2019. Mnamo Oktoba 2017 moto mwingine uliwaka Cabo Delgado, mkoa ule ule ambako risasi za kwanza za ukombozi zilipigwa, ukawafukuza makwao mamia ya maelfu ya watu, na wengine wakafika Ruvuma wakitaka kuvuka kama babu zao walivyovuka. Chanzo cha moto huo kina mafundo mengi, wala safu hii haiwezi kuyafungua yote. Lakini wanaolifahamu eneo lile wanataja sana vijana wasio na kazi, wasio na ardhi, wanaoona utajiri wa nchi yao ukipita mbele ya macho yao ukienda kwingine. Swali la mzee jirani yangu limerudi, safari hii likiwa limegeuzwa: ambaye hakupewa kitu mkononi, atakataa vipi anapopewa bunduki?

Itazame bendera ya Msumbiji utakapoiona tena. Ndani ya nyota ya njano kuna vitu vitatu: kitabu, jembe na bunduki, jembe na bunduki vikiwa vimepishana. Waliokichora kizazi kile walikuwa na sababu zao, na heshima yao iko pale pale. Mpango wa majembe haukuichana bendera hiyo. Uliisoma tu kwa makini zaidi, ukasema kwamba wakati wa kimoja umepita na wakati wa kingine umefika, na kwamba anayeambiwa aweke bunduki chini sharti jembe liwe limekwisha kufika. Sisi nasi tuliochagua jembe na nyundo kuwa alama yetu tunapaswa kulielewa jambo hilo upesi kuliko wengi.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, nina maombi mawili kwako Jumapili hii. La kwanza ni dogo. Kama mtaani kwako, au ndani ya nyumba yako, yuko mzee aliyepita Kongwa, Nachingwea au ng'ambo ya Ruvuma, mpelekee watoto. Usimsukume aseme, mketi naye tu, mpeni chai. Wazee hao wanazidi kupungua, na wao ndio wawezao kutazama chuma kilichopinda wakasema kilikuwa nini. La pili ni kubwa zaidi. Katika mtaa wako yuko kijana aliyemaliza shule mwaka huu au mwaka juzi, anayeshinda barazani akihesabu magari yanayopita. Kabla hujamhubiria amani, maadili na uzalendo, yote hayo yakiwa mambo mema, tazama kwanza mikono yake. Ina nini? Tezo? Uzi na sindano? Bomba la kuchomelea pale kwa fundi wa jirani, ambaye pengine angempokea kama ungekwenda kumwombea?

Kiti cha Kester kingali kitupu, na ni dua yetu kiendelee kuwa kitupu. Kigoda cha fundi, kile kidogo cha mbao kilichochakaa kwa kukaliwa, ndicho kinachotaka mtu. Tukutane Jumapili ijayo, Mungu akitujalia uzima.